Ugumba kwenye simu: mwongozo wa kusema bila kujiumiza, Tarime na Serengeti

Katika vijiji vya Wakurya wa Tarime na Serengeti, nyumba isiyo na mtoto haijawahi kuwa siri. Mila ya nyumba ntobhu inafanyika mchana kweupe. Mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane, ambaye hakujaliwa mtoto au hakupata wa kiume, anatoa ng'ombe wa mahari na kuoa binti. Watoto ambao binti huyo atazaa na mwanamume aliyechaguliwa wanahesabiwa kuwa wa nyumba ile, wanarithi pale, na yule mwanamume hana dai juu yao. Ng'ombe wanaonekana wakipita, majirani wanaalikwa, na kila mtu anajua sababu. Kisichosemwa ni swali ambalo lilipaswa kuwatangulia ng'ombe hao: kwa nini mtoto hakupatikana, na ni nani aliyepimwa?

Swali hilo sasa linasemwa kwenye simu. Mtu aliyeko Sirari, Nyamongo au Mugumu, akiwa na bando la siku moja tu, anaweza kuandika kwamba anatafuta mtoto mwaka wa sita, na akasomwa na dada yake Mwanza, shemeji yake Muscat, na mtu asiyemjua aliyeko Nairobi. Wapo wanaopata nafuu kubwa kwa kusema. Wapo pia waliosema kabla hawajajiandaa, wakaishia kufuta akaunti na kukwepa kwenda mnadani. Makala haya yameandikwa ili ukiamua kusema, usemi wako ukusaidie. Msimamo wangu ni kwamba kusema hadharani kuna faida, lakini vipimo vya wote wawili vitangulie, na asitajwe mtu ambaye hajakubali kutajwa.

Jua kwanza unachokisema

Wataalamu huita ugumba pale mimba inapokosekana baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kinga wala dawa ya uzazi wa mpango. Mwanamke aliyevuka miaka 35 asingoje mwaka mzima. Ikipita miezi 6 amwone daktari. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hii katika maisha yake. Kwa hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu sitini, huenda wapo kadhaa wanaoijua hali hiyo kwa ndani, nao wamekaa kimya.

Jambo la pili ndilo linalopindishwa sana kwetu. Katika karibu nusu ya wenzi wenye tatizo hili, mwanamume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote kitandani na manii yake yasiwe na mbegu hata moja, kwa sababu nguvu za kiume na mbegu ni mambo mawili tofauti. Maambukizi ya kisonono na klamidia yanaweza kuziba njia za mbegu kwake, kama yanavyoziba mirija ya uzazi kwa mwanamke. Mishipa iliyovimba kwenye korodani, korodani zisizoshuka utotoni, matubwitubwi yaliyompata akiwa ameshabalehe, sindano za homoni za kujenga misuli, sigara na pombe nyingi, vyote vinaweza kupunguza mbegu au kuzidhoofisha. Anayefanya kazi kwenye machimbo madogo na kushika zebaki, au anayepuliza dawa za mashamba, amweleze daktari kazi yake bila kungoja kuulizwa.

Kwa mwanamke, mirija iliyoziba ni sababu kubwa katika nchi zetu. Mara nyingi huanzia kwenye maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutolewa kwa njia isiyo salama. Klamidia ni hatari zaidi kwa sababu wengi hawaoni dalili yoyote. Zipo pia sababu za yai kutokomaa au kutotoka kwa mpangilio, uvimbe wa kizazi, na umri. Na kuzaa mara moja si kinga: aliyepata mtoto wa kwanza bila shida anaweza kukwama kwa wa pili. Wanawake wa aina hii husahaulika kabisa katika mazungumzo yetu, kana kwamba mtoto mmoja amemnyang'anya mama haki ya kuumia.

Na mama aliyezaa mabinti watupu hana ugumba. Yai la mwanamke hubeba kromosomu ya X kila mara. Mbegu ya mwanamume ndiyo hubeba X au Y, na hiyo ndiyo huamua kama atazaliwa binti au mvulana. Nyumba nyingi za ntobhu zimeanzishwa kwa sababu ya kukosa mtoto wa kiume, na lawama ikawekwa juu ya mwanamke ambaye mwili wake haukuwa na neno lolote katika jambo hilo. Kama utaandika jambo moja tu kutoka makala haya kwenye stetasi yako, andika hilo.

Ninaanza na elimu hii ya mwili kwa sababu maalumu. Swali la kwanza chini ya kila chapisho la namna hii ni "tatizo la nani?" Mwanamke anayeandika kwamba yeye ni tasa, hali mume hajawahi kukanyaga maabara, anajihukumu mbele ya umma kwa kesi isiyosikilizwa. Mwaka mmoja baadaye majibu yanaweza kuonyesha mengine, lakini jina alilojipa litakuwa limeshasambaa.

Kaeni wawili kabla ya kuchapisha

Hadithi ya kutafuta mtoto si yako peke yako. Ukisema "majibu yangu ni mazuri," umeshamsema mume. Ukisema "tumeambiwa tusubiri," umemsema pia, ila kwa namna ambayo haimvunjii heshima. Kwa hiyo mkubaliane kwa maneno, si kwa kudhaniana: nini kitasemwa, kwa akina nani, na nini hakitasemwa hata siku mkigombana. Kipengele hicho cha mwisho ndicho wengi hukisahau. Ugomvi wa usiku mmoja umewahi kutoa siri za miaka kumi kwa ujumbe mmoja wa sauti.

Sheria nayo ina neno hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Majibu ya maabara ya mwenzako ni yake. Mhudumu wa afya haruhusiwi kuyapeleka kwa mama mkwe, na wewe usiyapige picha na kuyarusha. Hata ukichapisha ya kwako, funika jina, namba ya faili, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa.

Ikiwa mwenzako amekataa kabisa kusemwa, bado una nafasi. Unaweza kuzungumzia elimu bila kuzungumzia ndoa yako. Ujumbe unaosema "wanaume nao wapimwe, kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi vya wanawake" haumtaji mtu, lakini utawafikia waliokusudiwa.

Iritongo na inchama

Wakurya wana mahali pawili pa kusemea mambo mazito. Ipo iritongo, mkutano wa hadhara, ambapo mambo husemwa wazi. Ipo inchama, baraza la siri la wazee, na lisemwalo humo halitoki. Kwenye simu pia kuna uwanja wa wote na kuna chumba cha wachache, na makosa mengi hutokea pale mtu anapoongea ya inchama akiwa amesimama iritongo.

Kundi la WhatsApp la ukoo ni iritongo, hata kama lina watu ishirini. Ujumbe unasambazwa, unapigwa picha ya skrini, na sauti yako ikishatumwa hujui itasikilizwa kwenye spika ya bodaboda gani. Stetasi hudumu saa 24, lakini mtu mmoja akiipiga picha inadumu zaidi. WhatsApp inakuruhusu kuchagua stetasi ionwe na akina nani. Fungua mipangilio ya faragha, uchague majina machache unayoyaamini. Ujumbe unaojifuta wenyewe nao unasaidia, lakini hauzuii picha kupigwa.

Facebook ina makundi ya watu wanaotafuta mtoto, mengine ya Kiswahili, na baadhi huruhusu kuandika bila jina kuonekana. Fahamu kwamba wasimamizi wa kundi bado wanaweza kukuona. Na kuficha jina hakutoshi kama umetoa alama zote nyingine. Ukiandika kwamba wewe ni mwalimu, umeolewa mwaka 2017, mume ni mchimba dhahabu na mnaishi karibu na zahanati mpya, mtu wa kata yako atakujua kabla hajamaliza kusoma. Badilisha au acha alama hizo, na uzime eneo ulipo kwenye simu.

Kwenye TikTok na Instagram unaweza kuzuia komenti zenye maneno fulani. Kazi hiyo usiiachie kampuni, kwa sababu mashine zao hazijui vizuri matusi yetu. Ingia kwenye mipangilio ya komenti uandike mwenyewe maneno unayojua yatakuja: mgumba, tasa, na yale ya Kikurya, Kingoreme au Kiikoma ambayo umewahi kuyasikia yakisemwa kwa mwanamke asiye na mtoto. Yatazuiwa kabla hujayaona.

Kuna tofauti moja kati ya mtu maarufu na wewe ambayo inafaa kupimwa kwa makini. Wema Sepetu, Miss Tanzania wa mwaka 2006 na mwigizaji, amezungumza hadharani juu ya kutamani mtoto na ugumu wa kupata mimba, mbele ya wafuasi mamilioni. Alipata pole na alipata kejeli, na naamini ujasiri wake umewafungulia midomo wanawake wengi wa Tanzania. Michelle Obama naye, katika kitabu chake cha mwaka 2018, alieleza kwamba mimba yake iliwahi kuharibika na kwamba binti zake wawili walipatikana kwa upandikizaji wa mimba. Lakini hawa wakifunga simu, wengi waliowatukana hawatakutana nao. Wewe kesho asubuhi utakutana na aliyekutukana kisimani, kanisani, au kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kwa hiyo pima duara lako kwa watu utakaokutana nao, si kwa watu utakaowafurahisha.

Wala usidhani kwamba eneo letu halijui kusema jambo gumu mbele ya watu. Rhobi Samwelly, anayeongoza shirika la Hope for Girls and Women lenye nyumba salama Mugumu na Butiama, ameeleza waziwazi yaliyompata yeye mwenyewe alipokeketwa akiwa binti mdogo. Ukeketaji ulikuwa jambo ambalo mwanamke hakulisema mbele ya wanaume. Leo linajadiliwa kwenye mikutano ya vijiji, shuleni na redioni. Ugumba nao unaweza kufika huko.

Maneno ya kuanzia

Wengi hukwama kwenye sentensi ya kwanza. Kwa kundi la familia, ujumbe mfupi unatosha, na ukitumwa na mume una uzito zaidi: "Ndugu zetu, mimi na mwenzangu tunatafuta mtoto na tuko kwenye matibabu. Tumepimwa wote wawili. Kukiwa na habari tutawaambia wenyewe. Tunaomba msitutumie dawa wala msituulize kila mwezi. Salamu na maombi tunapokea." Ujumbe huu haujataja ugonjwa wala mwenye tatizo, na umeweka mpaka bila kumkosea mtu adabu.

Mama mkwe akiandika jambo la kuumiza kwenye kundi, usimjibu pale. Mtumie peke yake: "Mama, shikamoo. Nimesoma maneno yako na nimeyasikia. Tuko hospitali wote wawili na tunafuata maelekezo. Naomba mambo haya tuyaongee nyumbani tukiwa tumekaa." Kisha mwambie mumeo azungumze na mama yake. Hiyo ni kazi yake, na mume anayenyamaza mama yake anapomshambulia mkewe mbele ya ukoo ametoa jibu tayari.

Kwa watu wa nje, sema ulipofika na unachohitaji. Chapisho linalosema tu "naumia" hufungua mlango kwa kila muuza dawa. Chapisho linalosema "nimeambiwa nikapige picha ya mirija, aliyewahi kupigwa anieleze nijiandae vipi" huleta majibu yenye maana. Usiandike siku ya hedhi iliyokuja ukiwa umetarajia mimba, wala usiku ule wa arobaini ya mtoto wa wifi. Andika, weka kwenye rasimu, usome tena baada ya siku mbili.

Watoto wa nyumba ntobhu

Hapa naomba msomaji aende taratibu, kwa sababu uwazi wa mtu mmoja unaweza kumvunja mwingine ambaye hata hajajua kusoma.

Mama mwenye nyumba ntobhu anaweza kutamani kueleza maisha yake. Binti aliyeolewa humo naye ana hadithi yake, na pengine ni chungu: aliolewa akiwa mdogo, alipangiwa mwanamume, hakuulizwa. Wote wana haki ya kusema. Lakini katikati yao kuna watoto, na nguvu yote ya mila hii imesimama juu ya jambo moja, kwamba watoto ni wa nyumba. Chapisho linalotaja "baba yake halisi" kwa jina au kwa picha linampa mtu yule nafasi ya kudai, linawapa wenzake mtoto huyo shuleni jina la kumtania, na linabaki mtandaoni hadi mtoto atakapokuwa na simu yake. Migogoro ya wanaume kurudi kudai watoto baada ya mama mwenye nyumba kufariki ipo. Usiipe ushahidi wa bure.

Kwa hiyo ukisimulia nyumba ntobhu, simulia yako. Usiweke sura za watoto, usitaje aliyewazaa, usitaje kiasi cha ng'ombe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, hivyo wanawake wawili wa nyumba hii hawalindwi nayo kama wanandoa. Ulinzi wao uko kwenye karatasi: vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na wosia ulioandikwa na mama mwenye nyumba akiwa na akili timamu na mbele ya mashahidi, ukisema shamba na mifugo ni vya nani. Vyeti na wosia vitawafaa watoto kuliko video elfu.

Na kama binti anayetajwa ana umri chini ya miaka 18, suala hilo si la kujadiliwa mtandaoni. Piga 116, huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Wanaokuja inboksi

Ndani ya saa chache baada ya kuandika kwamba unatafuta mtoto, watakuja. Watajiita daktari, nabii, mtaalamu wa kusafisha kizazi. Watakutumia picha za watoto wachanga na ujumbe wa shukrani uliopigwa picha ya skrini, ambao mtu anaweza kuutengeneza mwenyewe kwa dakika tano. Watataka nusu ya pesa kwanza kwa simu.

Kovu lililoziba mrija wa uzazi halitoki kwa kunywa unga wa majani. Vidonge na vitu vya kuingizwa ukeni kwa madai ya kutoa uchafu havizibui chochote, na vinaweza kuleta maambukizi yale yale yanayoziba mirija. Kizazi hakihitaji kusafishwa kwa dawa za kununua. Mganga wa tiba asili anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa za dukani zinapaswa kuwa zimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Omba namba ya usajili kabla ya kuomba bei, kisha uangalie ni wangapi wataendelea kukujibu.

Tahadhari moja inahusu dawa halisi. Klomifeni, inayosaidia yai kukomaa, hununuliwa na wengi kwa ushauri wa mtandaoni bila kupimwa. Mirija ikiwa imeziba au mbegu za mume zikiwa chache mno, dawa hiyo haitaleta mimba hata ukimeza mwaka mzima. Ikitumiwa ovyo inaweza kuvimbisha ovari au kuleta mimba ya watoto zaidi ya mmoja, jambo lenye hatari zake mahali ambapo hospitali ya upasuaji iko mbali. Usitumie dozi ya mtu mwingine, hata kama yeye amejifungua mapacha wazuri.

Kejeli ikigeuka kuwa unyanyasaji

Kuna komenti za kupuuza na kuna za kutunza kama ushahidi. Mtu anayekutumia vitisho, anayekuandama kila unapoandika, au anayesambaza majibu yako ya hospitali, anaweza kushtakiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitaja kosa la unyanyasaji mtandaoni. Kabla hujamzuia, piga picha ya skrini inayoonyesha jina au namba yake, tarehe na saa. Peleka kituo cha polisi, uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo huhitaji kueleza historia yako yote ya uzazi, eleza alichofanya.

Kipigo nyumbani, au kufukuzwa kwa sababu hujazaa, ni jambo la haraka zaidi. Sheria ya Ndoa haimpi mume wala mke haki ya kumpiga mwenzake. Kukosa mtoto hakumo katika mambo ambayo sheria hiyo inayataja kama ushahidi wa ndoa kuvunjika. Anayetaka talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Na mali iliyochumwa pamoja hugawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja: katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Mwanamke aliyelima, aliyekamua, aliyepika na kutunza wakwe kwa miaka minane hatoki mikono mitupu kwa sababu tu hakuzaa.

Kwa wanaosoma

Ukikutana na chapisho la mtu anayetafuta mtoto, usimtumie dawa wala kumsimulia jirani yako aliyepata mapacha baada ya miaka kumi na tano. Usimwambie amwige Hana wa kwenye Biblia au Nabii Zakaria kana kwamba hajawahi kuomba. Mwandikie kwamba umesoma, na kwamba uko upande wake. Kama umewahi kupita njia hiyo, mwambie faraghani ulipotibiwa na ulivyojiandaa. Msimamizi wa kundi la ukoo au la jumuiya ana kazi zaidi: akiona mtu anaulizwa kwa dhihaka lini ataleta mtoto, afute ujumbe na amwonye aliyeandika, siku hiyo hiyo. Akina baba wenye heshima kwenye kundi wakisema hadharani kwamba wao walipimwa, vijana watapimwa. Na mwanamke asiye na mtoto aitwe kwa jina lake au kwa kazi yake, kwa heshima ile ile anayopewa mama fulani.

Kutoka kwenye simu kwenda hospitali

Mazungumzo ya mtandaoni yakifanikiwa yanapaswa kuwafikisha mahali pa kupima. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Tarime, au Hospitali Teule ya Nyerere iliyoko Mugumu. Ulizeni wazi vipimo vipi vinapatikana pale na ni vipi vya kutumwa mbele. Rufaa inaweza kuwapeleka hospitali ya mkoa iliyoko Musoma, ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, au Bugando, Mwanza. Upandikizaji wa mimba upo Dar es Salaam, katika kliniki binafsi na sasa Muhimbili. Gharama yake ni kubwa, na wengi hawaihitaji, kwa hiyo asije mtu akauza ng'ombe kwa ajili yake kabla ya vipimo vya kwanza.

Mume huanza kwa urahisi kuliko mke. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kisha atoe sampuli kwenye chombo safi cha maabara, na kama ameitoa nje ya hospitali ifike ndani ya saa moja bila kupata baridi wala joto kali. Majibu yakiwa mabaya yarudiwe baada ya miezi kama 3, kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, na homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuziathiri.

Mke aandike tarehe za hedhi za miezi 3 au zaidi kwenye simu au daftari. Yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na siku zenye nafasi ya mimba ni kama 6: tano za kabla na ile ya yai lenyewe. Picha ya mirija hupigwa hedhi ikishakwisha na kabla yai halijatoka, kwa hiyo panga safari ya Musoma au Mwanza kwa kalenda hiyo, usije ukarudishwa nyumbani na nauli imekwisha. Wote wawili wapimwe maambukizi ya zinaa, na yakipatikana watibiwe pamoja. Beba majibu ya zamani yote, hata ya hospitali nyingine, pamoja na pakiti za dawa ulizowahi kutumia, za mitishamba zikiwemo. Na ingieni kwa daktari wawili, ili swali la kwanza lijibiwe na wote.